Gari la paa wazi mashambani siku tano: mama mkwe akae wapi, na paa lifunguliwe saa ngapi

Swali la leo linatoka kwa dada mmoja, nalifupisha. Yeye na mumewe wanataka kukodi gari la kufunguka paa wakazunguke mashambani siku tano, taratibu, bila haraka. Mume alishapenda kigari cha siti mbili, lakini mama mkwe (ana miaka 68) akasema safari hiyo hakosi, kwa hiyo sasa wanachukua cha siti nne. Wamepanga jumla ya kilomita 1,400. Anauliza mama huko nyuma atakaa vizuri kweli, paa liwe wazi muda wote au vipi, mvua ikiwakuta katikati ya mashamba wafanyeje, na kama kuna mambo ambayo mtu haambiwi siku ya kukabidhiwa funguo.

Dada yangu, nianze na hizo kilomita kwanza maana hapo ndo safari nyingi za aina hii zinapoharibikia kabla hata gari halijawashwa. 1,400 ukigawa kwa siku tano unapata 280 kwa siku, na kwenye karatasi inaonekana kitu kidogo, si ndio? Sasa barabara za mashambani zina kona, zina trekta mbele yako lenye tela la majani makavu ambalo huwezi kulipita mpaka upate mahali palipo wazi, zina vijiji ambavyo unatakiwa upunguze, alafu na nyinyi wenyewe mtasimama maana ndicho mlichokifuata. Wastani wako utakuwa 45, ukijitahidi sana 50 kwa saa. Hizo ni saa sita kwenye siti kila siku. Kwenye gari la kawaida saa sita ni uchovu wa kawaida tu, mtu anajinyoosha basi. Kwenye gari la wazi saa sita unashuka kama umepigwa, macho mekundu, midomo imekauka, masikio yanavuma, na cha ajabu huelewi kwa nini umechoka hivo wakati ulikuwa umekaa tu. Punguza iwe 120 mpaka 150 kwa siku. Najua mume atasema mbona ndogo, mwambie ajaribu siku moja kwanza alafu aseme.

Sababu ya uchovu huo ni upepo, na upepo wa gari la wazi hauji unakodhani unatoka. Karibu kila mtu anafikiri unatoka mbele, unaruka juu ya kioo cha mbele unakuja usoni. Hapana. Hewa inapanda kioo, inapita juu ya vichwa vyenu, na nyuma ya kile kioo inaacha sehemu ambayo hewa imepungua nguvu, sasa ile iliyoshapita juu inageuka kule nyuma ya gari inarudi mbele kuja kujaza hilo pengo. Kwa hiyo inakupiga kisogoni. Ukitaka kuamini chukua utepe wa tishu, ufunge kwenye hedi resti (kile cha kuegemeza kichwa) ya siti ya mbele, mtu mwingine akiwa anaendesha angalia unavoelekea mkifika spidi 70 au 80. Utaona utepe umenyooka kuelekea dashibodi, yaani mbele, sio nyuma. Mara ya kwanza nilivofanya hivyo nilicheka peke yangu. Ndo maana nywele za dereva wa gari la wazi zinakuja usoni, hazirudi nyuma kama kwenye matangazo.

Sasa ukishajua hivo, mambo mengi yanajieleza yenyewe. Kwanza vioo vya milangoni. Watu wanafungua paa alafu wanashusha na vioo vyote vinne ili wawe wazi kabisaa, kumbe wanajiumiza. Ukipandisha vioo, paa likiwa wazi hivohivo, fujo ya pembeni inapungua sana mpaka mnaweza kuongea. Pili, kile kiwavu kinachosimamishwa nyuma ya siti za mbele, kazi yake ni kuzuia huo upepo wa kurudi, na kinafanya kazi kweli sio pambo. Ila, na hapa nisikilize vizuri dada maana ndo swali lako lenyewe: kwenye gari la siti nne wavu huo mara nyingi unafungwa juu ya siti za nyuma, unazifunika. Ukiweka wavu hakuna anayekaa nyuma. Akikaa mtu nyuma hakuna wavu. Huwezi kupata vyote viwili.

Na huko nyuma ndiko upepo wote unakogeukia. Siti za nyuma za magari haya zina kasoro nyingine pia, mgongo wake umesimama wima kama benchi la shule kwa sababu paa linapokunjwa linaingia nyuma yake, miguu nayo inabanwa. Kwa hiyo mama mkwe asikae nyuma. Kamwe. Mama akae mbele pembeni ya dereva, na wewe na mumeo mpokezane nyuma na usukani, mmoja akiendesha mwingine anakaa nyuma anakula upepo wake. Mnajua wenyewe mtapangaje nani aanze, mimi hapo siingii. Anayekaa nyuma akae upande wa nyuma ya siti ya mama, siti ya mama isogezwe mbele kiasi, vioo vya nyuma vipandishwe juu, na dereva asizidishe 70. Ikizidi hapo aliyeko nyuma atakuwa anaona midomo yenu inacheza tu hasikii kitu.

Kuhusu kuingia na kutoka, mengi ya magari haya yana milango miwili tu na siti ziko chini sana, mtu wa miaka 68 anaweza kuhangaika na magoti. Dawa ni kwamba apande na kushuka paa likiwa limeshafunguliwa, maana anasimama wima bila kuinamisha kichwa. Ageuke aipe siti mgongo, akae kwanza, alafu ndo aingize miguu yote miwili pamoja. Kutoka ni hivohivo kinyumenyume. Mlango ni mrefu, kwa hiyo usiegeshe ukuta kwa ukuta, mwachie nafasi.

Turudi kwenye spidi maana kila kitu kinaning'inia hapo. Nguvu ya upepo haipandi sambamba na spidi, inapanda kwa mraba wake: ukitoka 60 kwenda 120 umeongeza spidi mara mbili lakini upepo unakupiga kwa nguvu mara nne. Hii ni fizikia ya kawaida, ila kwenye gari lililofungwa huihisi mwilini, unaisoma kwenye mafuta tu. Kwenye gari la wazi unaihisi shingoni. Kati ya 50 na 80 ni raha, unasikia ndege, unasikia maji ya mto mnapopita darajani. Ukifika 100 unaanza kupiga kelele ili mtu akusikie. Na kelele yenyewe si ya kupuuza, kwenye spidi za haiwei gari la wazi linaweza kuvuka desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukali wa sauti), ambacho ndicho kiwango wataalamu wa usalama kazini wanakihesabu kuwa mwisho kwa saa nane, na kila zikiongezeka desibeli 3 muda huo unakatwa nusu. Kwa hiyo mkilazimika kupita barabara kuu, simameni, fungeni paa, pigeni mwendo mmalize, mkichepuka kwenye njia ndogo fungueni tena. Hakuna aibu kufunga paa. Wanaoona aibu ni wale waliolipata juzi.

Alafu tusijidanganye kwamba gari la wazi ni kitu cha anasa toka mwanzo. Magari ya kwanzakwanza karibu yote yalikuwa wazi, watu walivaa makoti mazito na miwani mikubwa ya kuzuia vumbi na hakuna aliyeita ile starehe, miili iliyofungwa ilivokuja kuwa nafuu miaka ya 1920 watu wakaikimbilia. Hata paa la bati linalojikunja lenyewe watu wanadhani ni la juzi, wakati Mfaransa Georges Paulin, ambaye kazi yake ya kwanza ilikuwa udaktari wa meno, alishalibuni na Peugeot wakaliuza miaka ya 1930. (Huyu Paulin alikuja kupigwa risasi na Wajerumani mwaka 1942 kwa kazi ya siri aliyokuwa akiwafanyia Waingereza, maisha yake ni hadithi nyingine kabisa.) Mwaka 1976 Cadillac walinadi Eldorado yao kuwa ndiyo gari la mwisho la paa wazi kutengenezwa Marekani, watu wakazinunua wakaziweka stoo kama dhahabu, miaka michache baadae magari hayo yakarudi kama kawaida. Na mwaka 1989 Mazda wakatoa MX-5, kigari kidogo cha siti mbili, mpaka 2016 walikuwa wameshatengeneza milioni moja. Nina wasiwasi kigari alichokipenda mumeo ni hicho au ndugu yake. Mpe pole, ila kizazi chake cha sasa buti lake ni lita 130 tu, na kabegi kamoja ka kuingia nako kwenye ndege ni kama lita 50, hivo hesabu mwenyewe.

Hata hilo la siti nne usilitegemee sana kwenye mizigo. Kwenye mengi paa likifunguliwa linalala ndani ya buti, buti ulilolipima asubuhi paa likiwa limefungwa silo utakalokuwa nalo mchana. Ndani ya buti kuna kizuizi, kingine ni kama pazia la kuvuta, kingine ni kibao cha kushusha, kinachoonyesha mwisho wa mizigo. Kizuizi kisipokaa mahali pake paa linagoma, swichi unabonyeza kimya. Nimeshapigiwa simu na watu wamekwama njiani wanasema paa limekufa, namuuliza kile kibao cha ndani kiko juu au chini, kimya kidogo, alafu anasema ahaa. Bebeni mabegi laini yanayobonyea, matatu madogo, sio sanduku gumu la matairi. Na msijaze mpaka kwenye kizuizi, maana mkilazimisha, paa likishuka linakandamiza mzigo na hapo ndo vyuma vinapinda, bili yake hutaipenda.

Kufungua na kufunga: kila gari lina sheria yake. Mengine hufunguka hata ukiwa unatembea spidi 30, mengine mpaka 50, mengine lazima gari lisimame kabisa. Ushauri wangu usijisumbue kukariri, simama kila mara. Mahali tambarare, maana magari haya yakikanyaga pabaya bodi yake inajipinda kidogo na ndoano za paa zinaweza zisikutane sawasawa. Injini iwe inaunguruma kwa sababu ile pampu inayosukuma paa inakula betri vibaya. Angalia juu kama hakuna tawi na nyuma kama hakuna ukuta, yale ya bati hasa yanachukua nafasi kubwa yakiwa yanajikunja. Na ukianza malizia, usiachie swichi katikati ukaanza kupiga picha.

Kujipinda huko kunanikumbusha kitu ambacho hamtaambiwa. Paa la gari la kawaida ni sehemu ya mifupa yake, ukilikata gari linalegea, kwa hiyo watengenezaji wanaongeza chuma kule chini na kwenye nguzo za kioo ili kufidia. Hata hivo mkipita barabara mbovu mtaona kioo cha katikati cha kuangalia nyuma kinatetemeka, dashibodi nayo inatoa sauti kama ya panya. Mama asishtuke, ni kawaida. Kisicho kawaida ni stereng kuvuta upande mmoja au mlango kugoma kufunga, hapo simameni muangalie.

Sasa jua. Hili nakuomba ulichukulie kwa uzito zaidi ya mvua. Ukiwa kwenye gari lililofungwa kile kioo cha mbele chenye tabaka mbili kinazuia sehemu kubwa sana ya miale ya jua inayounguza ngozi. Ukifungua paa umekaa jangwani. Na upepo unakudanganya, unapoza ngozi mpaka huhisi kuungua, unakuja kugundua usiku ukigusa shuka. Mkipanda milimani ni zaidi, miale inaongezeka kama asilimia 10 kwa kila mita 1,000 mnazopanda ingawa mnahisi baridi, na mawingu mepesi hayasaidii sana. Pakeni sanskrini (mafuta ya kukinga jua) yenye namba ya SPF 30 kwenda juu, na mrudie kila baada ya saa mbili. Sehemu ambazo watu husahau ni juu ya masikio, kisogo, nyuma ya mikono kwa anayeshika usukani, na utosi kwa wenye upara (samahani shemeji kama nimekugusa). Weusi wa ngozi unasaidia kiasi lakini haukufanyi uwe bati.

Kwa hiyo kwa swali lako la paa muda wote, hapana. Ratiba ninayoipenda mimi ni hii. Mnatoka asubuhi mapema saa moja, paa wazi, mnaendesha mpaka saa nne au saa tano kasorobo. Hapo jua linaanza kusimama utosini, mnafunga, mnatafuta kivuli, mnakula, mama anapumzika, mnatembea kwa miguu kama kuna cha kuona. Saa tisa na nusu, saa kumi hivi mnafungua tena mpaka giza linaanza. Ukijumlisha unapata saa tano za paa wazi kwa siku ukitaka, na zote ni saa nzuri, hakuna hata moja ya kuvumilia.

Na kama mnaweza kuchagua mwelekeo, asubuhi elekeeni magharibi, jioni mashariki. Jua liwe mgongoni. Kwenye gari la wazi jua la mbele ni tatizo mara mbili, kile kikinga jua cha juu ya kioo ni kidogo, na hakuna paa la kukupa hata kivuli, dereva anaendesha amekunja uso saa nzima. Jua likiwa nyuma, mashamba yote yanang'aa mbele yenu. Ni kitu kidogo, unakipanga kwenye ramani siku moja kabla, na tofauti yake ni kubwa kuliko kubadilisha gari.

Nizungumzie kidogo jioni maana ndo sababu ya mimi kupenda haya magari na matatizo yake yote. Jua likishazama, hewa ya juu ya vilima inapoa, inakuwa nzito, inateremka kama maji inajaa mabondeni. Kwenye gari la kawaida hilo hulijui. Kwenye la wazi unashuka mteremko, unafika pale chini kwenye daraja, ghafla baridi inakushika magoti kama umeingiza miguu kwenye kisima, na harufu inabadilika, udongo mbichi, majani yaliyolowa, moshi wa mtu anayechoma takataka za shamba. Unapanda upande wa pili, mita hamsini tu, joto linarudi, na harufu ya majani makavu ya mchana. Bonde linalofuata, baridi tena. Mama mkwe akikaa mbele atayapata haya yote, na nakuhakikishia ndo atakayoyasimulia, hatasimulia gari.

Lakini ndo maana kila mtu awe na sweta karibu, sio ndani ya buti. Jioni washeni hita ielekezwe miguuni, vioo juu, na kama siti zina joto washeni. Watu wanaona ni ujinga kuwasha hita paa likiwa wazi, acha waone. Mkipanda mlima mrefu kumbukeni pia hewa inapoa kama nyuzi 6 na nusu kwa kila mita 1,000, joto la chini kule mlikotoka lisiwadanganye.

Nguo nyingine: miwani inayofunika mpaka pembeni, hata kama hakuna jua kali, kwa sababu upepo unakausha macho na mdudu mmoja jichoni kwa dereva ni ajali. Kofia yenye kamba au iliyobana, zile pana za picha zitaruka kilomita ya kwanza. Kilemba ni kizuri kuliko kofia, fungeni vizuri na ncha ziingizwe ndani, msiache kitambaa kirefu kinapepea. Hili silisemi kwa kutisha, mcheza dansi maarufu Isadora Duncan alifariki Nice, Ufaransa, Septemba 1927 kwa skafu yake ndefu kunaswa na gurudumu la gari la wazi alilopanda. Mtandio wa mama uwe mfupi au ubanwe na mkanda. Na karatasi! Mimi mwenyewe niliwahi kuweka mkataba wa kukodi gari juu ya siti ya nyuma, tulivotoka kwenye kona ya tatu nikaona kitu cheupe kwenye kioo, kinaelea juu ya shamba la mahindi kama kunguru, nikasimama nikaingia shambani kwa miguu nusu saa sikuona kitu. Risiti, simu, tishu, chochote chepesi kiwekwe kwenye droo ya dashibodi.

Maji mnywe hata kama hamna kiu, upepo unakausha mwili kimyakimya na kichwa kinaanza kuuma jioni hujui kwa nini.

Barabara zenyewe. Ramani ya simu ukiiacha itakupeleka njia ya haraka, yaani barabara kuu, kwa hiyo ingia kwenye mipangilio uweke ikwepe barabara kuu na za kulipia. Ila ikishakwepa inaweza kukuingiza njia ya trekta, na gari hizi ziko chini, mara nyingi hazifiki sentimita 15 kutoka ardhini. Ukiona lami imeisha na katikati ya njia kuna nyasi zimesimama, geuza, usijipe moyo. Kwenye kokoto kaa mbali sana na gari la mbele, maana jiwe linaloruka kwa wenzako linagonga kioo, kwenu linaweza kuingia ndani. Vumbi la lori ni kusimama pembeni dakika tatu lipite, huwezi kushindana nalo.

Mifugo ikiwa barabarani zima haraka zako, simama, usipige honi. Ng'ombe akisimama pembeni ya gari la wazi kichwa chake kiko usawa wa kichwa chako na hakuna kioo katikati, atakunusa na kuendelea zake. Farasi na mpandaji, pita polepole na kwa nafasi kubwa. Nyuki au nyigu akiingia ndani dereva asianze kupigana naye, punguza, simama, atatoka mwenyewe, kutoka ni rahisi si paa liko wazi.

Mikanda muda wote, na asikae mtu juu ya mgongo wa siti ya nyuma gari likiwa linatembea hata kwa picha moja. Magari mengi ya sasa yana vyuma vilivyofichwa nyuma ya siti vinavyochomoka vyenyewe gari likitaka kupinduka, Mercedes walianza navyo kwenye gari lao la paa wazi, SL ya mwaka 1989, vinachomoka kwa sehemu tatu za kumi za sekunde, lakini vyuma hivyo vinamlinda aliyekaa chini na kufunga mkanda. Aliyekaa juu vinamkuta hayupo.

Siku ya kuchukua gari msione haya kuwachelewesha. Fungueni na kufunga paa mara mbili mbele yao, muone linavofanya kazi mkiwa wote. Muulize likigoma nusu njia linafungwaje kwa mkono, karibu yote yana njia hiyo, na wasioijua ni wengi hata miongoni mwa wanaokodisha. Kama paa ni la turubai piga picha kila kona yake, hasa kwenye mikunjo, na muulize kwa maandishi kama bima inalihusisha paa, maana mara nyingi paa na vioo na matairi vinaachwa nje bila kusemwa. Fungua buti uangalie kama kuna spea, mengi hayana, yana kichupa cha gundi na pampu ndogo tu, sasa ukipata pancha kubwa mashambani hicho kichupa hakisaidii. Kama hakuna spea basi namba ya msaada wa barabarani muwe nayo kwenye simu zote mbili.

Mkiegesha msiache kitu kinachoonekana. Turubai linakatwa kwa kisu, na mwizi akishalikata hasara ya paa ni kubwa kuliko alichoiba. Usiku paa lifungwe hata kama anga halina wingu, umande unalowesha siti vizuri tu. Na msiegeshe chini ya mti hata kama mnapenda kivuli, ndege na utomvu wa miti ni maadui wa turubai, utomvu hasa.

Mvua sasa. Kuna wanaokwambia ukikimbia spidi kubwa mvua inaruka juu ya vichwa hailoweshi, na ni kweli nusu, manyunyu mepesi ukiwa 70 au 80 wa mbele wanaweza kubaki wakavu. Ila wa nyuma analowa. Alafu mbele kuna kijiji, unapunguza, mnalowa wote. Na barabara ya mashambani ikipata mvua ya kwanza baada ya ukame inateleza kama sabuni, tope la trekta na vumbi na mafuta vimechanganyika, sio wakati wa kukimbia kuikwepa mvua. Mkiona wingu limeshuka na harufu ya mvua imekuja, na kwenye gari la wazi inakuja dakika kadhaa kabla ya tone, simameni mahali salama mfunge taratibu. Taulo moja liwe chini ya siti kwa ajili ya siti zenyewe.

Mvua ikishapita, paa la turubai likiwa limelowa msilikunje. Hapa nilikosea mimi mwenyewe miaka ya nyuma, jua lilitoka tu nikafungua, nikalilaza limelowa nikaliacha siku nne, nilivolifungua lina madoa meusi ya ukungu na harufu ya godoro lililoachwa nje, harufu hiyo haikutoka mwaka mzima. Kama dirisha la nyuma ni la plastiki angavu, yale ya zamani, likikunjwa likiwa la baridi linapasuka. Endesheni nusu saa paa likiwa limefungwa, upepo utalikausha, mguse kwa kiganja kwenye mishono maana ndo panapokauka mwisho. Pakiwa pakavu fungueni.